Siku Mwalimu Hayumo Garini

Mji wa Lodwar, huko Turkana nchini Kenya, unaweza kumaliza mwezi bila tone la mvua, na bado laga ya Kawalase, mto wa msimu, ikajaa. Mvua hunyesha mbali, huko vilimani, na maji yakateremka usiku juu ya mchanga uliokuwa mkavu jioni. Asubuhi dereva anafika na kukuta mto mahali alipopita jana. Nyuma yake abiria wanamwambia avuke, mbona maji si mengi. Simu inalia: ni tajiri wa gari, anauliza mzigo umefika wapi. Leseni ya dereva huyu ina wiki tatu. Alama zote za barabarani anazijua kwa moyo, na kubadilisha gia kumekuwa kama kupumua.

Mwalimu wake yuko wapi saa hiyo? Yuko mjini na mwanafunzi mwingine.

Upo mtindo wa kufundisha udereva unaoanza kwa kumtazama mwanafunzi mwenyewe: analitaka gari kwa kazi gani, amekuja na ujuzi upi, anaogopa nini, anaelewa kwa njia gani. Mwalimu huuliza na kusikiliza, hupanga somo pamoja naye, kisha humkabidhi maamuzi kidogo kidogo. Uingereza ilianza kuwapima walimu wake wa udereva kwa vigezo vya namna hiyo mwezi Aprili 2014. Je, mtindo huo una kazi gani Turkana, penye vumbi, ngamia barabarani na karo iliyopatikana kwa kuuza mbuzi?

Nimeugawa mjadala kwa sauti tatu. Wasemaji ni wa kubuni, nimewaunda ili kila hoja ipate mtu anayeiamini kwa dhati. MZEE anafundisha Lodwar, baada ya miaka mingi ya kuendesha lori kutoka Kitale hadi Lokichoggio. KIJANA anafundisha Kakuma, na wanafunzi wake ni wenyeji na wakimbizi. MAMA huuza samaki wa Kalokol, na sasa anajifunza gari dogo. Wameketi chini ya mkoma, karibu na mto Turkwel, gari la mafunzo likiwa limezimwa kando yao.

Hoja ya kwanza: hatari

KIJANA: Ejoka, mzee?

MZEE: Ejok nooi. Nitaanza mimi, kwa kuwa nilishika usukani kabla hujazaliwa. Gari si darasa. Darasani mtu akikosea unafuta ubao, mnaendelea. Kutoka hapa hadi kwenu Kakuma ni kama kilomita 120. Zamani barabara ilikuwa mashimo matupu, lori lilijikokota, na kosa lilikuwa na nafasi ya kurekebishwa. Siku hizi kuna lami, magari yanakimbia, na mbuzi wanavuka vilevile walivyovuka zamani. Vichaka vya mathenge vimesonga hadi ukingoni, humwoni mtoto mpaka ameshaingia barabarani. Mwanafunzi akielekea kwenye lori, simuulizi anaonaje. Namwambia, "Breki!" Asipofanya, naikanyaga mimi.

KIJANA: Hapo hatuna ugomvi, mzee wangu. Breki ya pili iko upande wetu kwa sababu hiyo. Lakini mimi nayamaliza hayo kabla ya kuwasha gari. Namwambia mwanafunzi: nikisema "simama", unasimama bila swali. Nikigusa breki yangu, usishtuke, tutaegesha nikueleze. Siku ya kwanza karibu mzigo wote wa hatari naubeba mimi. Yeye ana usukani na miguu, basi. Siku ya tatu nampa vioo. Wiki ya pili nampa njia: "Tupeleke sokoni, pitia unapoona panafaa." Kila mara tunajua nani amebeba nini.

MZEE: Sasa ubishi wako uko wapi?

KIJANA: Uko kwenye amri zinazobaki hata wakati hakuna hatari. Nimewahi kukaa kiti cha nyuma mwalimu mwenzangu akifundisha. "Klachi! Gia ya pili! Indiketa! Kata kona! Achia mafuta!" Nusu saa nzima mwanafunzi alifanya kila kitu sawasawa, na hakuamua hata jambo moja. Macho yalikuwa ya mwalimu, mikono ndiyo iliyokuwa ya mwanafunzi. Ukimshusha mwalimu, gari lile halina macho.

MAMA: Ngojeni niseme mimi ninayefundishwa. Siku ya kwanza nilizitaka hizo amri. Klachi sikuijua, breki sikuijua. Mwalimu angeniuliza, "Unaonaje, tufanye nini?" ningefungua mlango nishuke. Nilitaka mtu aniambie mguu huu hapa, ule pale. Lakini siku ya tano bado naambiwa mguu huu hapa, na mguu nilishaujua. Nisichokijua ni ile bodaboda iliyochomoka kichochoroni. Nani aliiona? Mwalimu. Mimi niliuona mkono wake tu ukivuta usukani.

MZEE: Kwa hiyo unasema amri ina siku zake.

MAMA: Ndiyo, mzee. Mtoto hushikwa mkono akijifunza kutembea. Akishatembea, ukimng'ang'ania mkono mtaanguka wote.

Hoja ya pili: mtihani na karo

MZEE: Haya. Tuje kwenye pesa. Huku watu wanauza mifugo ili walipe karo, nao wanalipia leseni. NTSA, mamlaka ya usafiri, ina utaratibu wake: alama za barabarani, ubao wa mji wa mfano, kisha barabarani na mtahini. Mtahini haulizi habari za moyo. Nikikaa na mwanafunzi dakika kumi kivulini tukizungumza, nimemla dakika kumi za injini alizolipia. Na tena, mgonjwa akifika hospitalini hamchagulii daktari dawa.

KIJANA: Hamchagulii, lakini daktari humuuliza anaumwa wapi. Nikupe wanafunzi wawili, mzee. Wa kwanza ameendesha bodaboda miaka sita. Barabara anaijua, macho ya madereva wengine anayasoma. Asichokijua ni upana wa gari, na amezoea kupenya mahali ambapo gari halipenyi. Wa pili ametoka kuchunga, hajawahi kupanda hata baiskeli. Lakini mbuzi akiwa kando ya barabara, yeye anajua atageukia wapi kabla mbuzi mwenyewe hajajua. Kinachomshinda ni kukisia kasi ya lori linalokuja. Nikiwapa wote wawili somo moja, yule wa kwanza nimempotezea karo kwa kumfundisha anayoyajua, na tabia yake ya kupenya, itakayomuua, sijaigusa. Dakika kumi za kuuliza ndizo zinazonionyesha pesa zao ziende wapi.

MZEE: Na mtihani?

KIJANA: Nafundisha mtihani, sijaacha. Ila ule ubao wa mji wa mfano nauacha mikononi mwake. Asogeze gari mwenyewe, anieleze kwa nini ameingia leni ile na si nyingine. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kusimama kwenye taa za barabarani. Wakikariri ubao kama wimbo, wimbo unaisha siku ya mtihani, na siku wanayoingia Eldoret au Nairobi hawana kitu.

Hapa mwandishi ataomba nafasi. Mwaka 2002 Hatakka na Keskinen wa Finland, pamoja na watafiti wenzao, walichapisha mpango wa malengo ya elimu ya udereva wenye ngazi nne. Ngazi ya chini ni kulimudu gari: gia, breki, usukani. Ya pili ni kuwamudu wengine barabarani: sheria, alama, kukisia mwendo wa jirani. Ya tatu ni safari yenyewe: kwa nini unakwenda, saa ngapi, pamoja na nani, ukiwa umelala au hukulala. Ya nne ni maisha ya dereva: tabia yake, tamaa zake, jinsi anavyobeba shinikizo la wenzake. Hoja yao ni kwamba ngazi za juu huzitawala za chini. Mtu anaweza kuijua breki vizuri kabisa, lakini akiwa na haraka, au akiogopa kuchekwa, ataikanyaga muda umeshapita.

Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia mto Enziu uliofurika. Lilipinduka watu wakitazama kutoka ukingoni. Zaidi ya watu 30 walifariki. Sitamhukumu dereva. Ninachouliza ni somo lipi la udereva linalomwandaa mtu kwa saa kama ile: sherehe inangoja, maji yanafanana na yale yaliyovukwa mwaka jana, na kusema "tunasubiri" kunakufanya uonekane mwoga mbele ya watu unaowaheshimu. Mazoezi ya gia hayalijibu swali hilo, wala ubao wa mji wa mfano.

Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na wengi wao ni watembea kwa miguu na watu wa pikipiki. Duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya 2023 kwamba vifo hivyo ni milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mtihani ni lango la lazima. Lakini mwalimu anayefundisha hadi langoni tu amemwacha mwanafunzi mahali safari inapoanzia.

Hoja ya tatu: heshima

MZEE: Nimesikia. Lakini kuna jambo linanikera, na nitalisema. Maneno haya ya kumweka mwanafunzi katikati yanatoka mbali. Sisi tulilelewa kusikiliza wakubwa. Mimi udereva niliupata kwa utaniboi. Miaka minne nilifunga turubai, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikachemsha chai. Dereva wangu hakunieleza neno. Niliutazama mguu wake, basi. Na hadi leo sijamgonga mtu.

KIJANA: Mzee, kabla ya lori ulichunga?

MZEE: Nani hakuchunga?

KIJANA: Ulianza na ngamia?

MZEE: La, hasha. Unaanza na vitoto vya mbuzi, hapa hapa karibu na boma, mama anakuona. Ukivimudu unapewa mbuzi wakubwa, unaenda mbali kidogo. Ng'ombe na ngamia ni baadaye, ukishapevuka.

KIJANA: Na jioni ukirudi, baba alifanya nini?

MZEE: Aliniuliza. Ulipita wapi, majani yakoje, maji uliyakuta wapi, umeona nyayo za nani. Mengi alikuwa ameshayajua. Alikuwa akitazama matumbo ya mbuzi, anajua kama wameshiba.

KIJANA: Alijua, na bado akakuuliza.

MZEE: (ananyamaza kidogo) Aliuliza kila jioni. Na nikijibu ovyo, alinyamaza mpaka nikumbuke vizuri.

KIJANA: Basi mimi sijaleta kitu cha mbali, mzee wangu. Baba yako alikupa eneo dogo, akaliongeza ulipoonyesha unaweza, na jioni akakufanya uisome siku yako mwenyewe. Kwa kuwa alikuuliza, asubuhi yake ulikwenda ukiangalia. Ulijua utaulizwa.

MAMA: Niongeze kuhusu heshima, maana inazungumzwa kama ni ya mwalimu peke yake. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaoenda shule. Nikifokewa mbele ya vijana wa bodaboda pale stejini, maneno siyasikii, nasikia ukali tu. Mguu unaganda juu ya klachi. Nilizima gari mara tatu mahali ambapo jana yake sikuzima hata mara moja. Je, ujuzi wangu ulikwenda wapi usiku mmoja?

MZEE: Kuna walimu wa hivyo. Sitawatetea.

MAMA: Lakini pia msinibembeleze. Nimelipa, kweli, mimi ni mteja. Ila mteja wa udereva si kama mteja wa soda. Nikiendesha vibaya, niambieni ni vibaya.

MZEE: Hapo umegusa hofu yangu kubwa. Anakuja kijana, anataka leseni kwa wiki moja, kuna kazi inamngoja Lokichar. Tukisema mteja yuko katikati, si itabidi nimpe anachotaka?

KIJANA: Hapana. Mwanafunzi anachagua aendako. Kipimo cha kufika ni cha barabara, hakichagui yeye, sikichagui mimi. Ninachofanya ni hiki: somo likiisha namwambia ajipe alama yeye kwanza, kutoka moja hadi kumi. Kisha nami natoa yangu. Tofauti kati ya alama hizo mbili ndiyo somo la kesho. Vijana wengi hujipa tisa. Nawauliza, "Ile moja iliyobaki imepotelea wapi?" Wakianza kuitafuta, wanazikuta tatu. Mama kama huyu hujipa tatu. Naye simwambii "usijali". Namuuliza, "Hizo tatu umezipata kwa kufanya nini?" Anaanza kuhesabu: nilianza kilimani bila gari kurudi nyuma, nilimwona yule mzee mwenye punda. Anapomaliza kuhesabu, anajua ana nini mkononi.

Hoja ya nne: shingo iliyofundishwa kwingine

MZEE: Kakuma yenu ina mambo yake. Hapa Lodwar wanafunzi wangu wengi nawajua hadi kwao.

KIJANA: Ndiyo. Kambi ilianza 1992, na vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, kisha watu wa Sudan Kusini wakati nchi yao ilipoingia vitani. Sasa kuna makazi ya Kalobeyei pia. Angalia jambo moja, mzee: Sudan Kusini, Ethiopia, Somalia, Kongo, Burundi, zote magari hupita kulia. Kenya tunapita kushoto. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kila makutano anatazama kushoto kwanza. Ninasema, "Kulia!" anatazama kulia. Makutano yanayofuata, kushoto tena. Mara kumi. Nilikaribia kumwona mzito. Nikaegesha. Nikamuuliza, "Ulikokulia, ukitaka kuvuka barabara kwa miguu, gari la kwanza lilitokea upande gani?" Alinyamaza, kisha akainua mkono wa kushoto. Shingo yake ilikuwa imefundishwa zamani, na ilifundishwa vizuri. Ndiyo iliyomfikisha hai. Kuanzia hapo alijitungia dawa mwenyewe. Akifika makutano anatamka kwa sauti: kulia, kushoto, kulia tena. Amri yangu ilitibu makutano mamoja. Alipoijua shingo yake, aliyatibu yote.

MZEE: Hiyo naijua kwa upande wa pili. Nilikuwa nikipeleka mizigo ya misaada, natoka Lokichoggio, navuka Nadapal kuingia Sudan Kusini. Huko unahamia kulia. Mchana si shida. Usiku, umechoka, barabara tupu, mkono unarudi wenyewe kushoto. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Nikivuka nakifunga, nikirudi nakifungua.

MAMA: Nani alikufundisha hiyo, mzee?

MZEE: Hakuna. Niliogopa, nikafikiri.

KIJANA: Tena kuna lugha. Mimi nasema kulia. Yupo aliyekua na neno "kuume". Wa Bukavu au Bujumbura akiuita usukani, unasikia Kifaransa. Wa Juba anajua yamin na shimal. Ukitegemea mkalimani wa kiti cha nyuma, neno "breki" linafika gari limeshapita. Kwa hiyo gari halijawashwa tunakaa, ananifundisha maneno yake, namfundisha yale ya mtihani. Neno la kusimama tunachagua moja, na mkono wangu juu ya dashibodi unamaanisha neno hilohilo. Lisisubiri tafsiri.

MAMA: Na malengo yao? Mimi najua ninakokwenda, Kalokol. Mkimbizi anayehitaji kibali ili atoke kambini anajifunzia kwenda wapi?

KIJANA: Ndiyo maana siwezi kudhani, mama. Mmoja anataka tuktuk ya kubeba maji na abiria humo humo kambini. Mwingine ana ndugu nje ya nchi, anajiandaa. Mwingine alikuwa dereva wa lori kwao, anataka tu mikono yake ikumbuke. Huyo wa mwisho nikimfundisha klachi nimemtukana. Anachohitaji kwangu ni sheria za Kenya na upande wa kushoto.

Hoja ya tano: mwalimu naye anajifunzaje?

MZEE: Tuseme nimekubali nusu. Ulimi wangu umezoea amri miaka mingi. Nianzie wapi? Msiniambie "badilika", nionyesheni mahali pa kushika.

KIJANA: Mimi nilianza kwa simu. Nilimwomba mwanafunzi ruhusa, nikarekodi somo moja, jioni nikasikiliza. Karibu sauti yote ilikuwa yangu. Nilihesabu amri nikachoka. Maswali yalikuwa machache, tena ya bure. "Umeona ile pikipiki?" Nani atasema hapana? Sasa nauliza, "Mbele kuna nini?" kisha nasubiri. Akiniambia kila kitu isipokuwa pikipiki, nimejua asichokiona. Au naomba aendeshe akisema anachokiona: punda kushoto, mtoto na mtungi, lori linawasha indiketa. Masikio yangu yanayaona macho yake.

MZEE: Na ukiuliza kwenye kona mbaya?

KIJANA: Hapo nimekosea. Swali refu gari likiwa kwenye ugumu ni hatari sawa na simu. Ugumu ukija, maneno mafupi au kimya. Mazungumzo ni ya gari lililoegeshwa. Na ukiuliza, nyamaza. Mwalimu huona sekunde tano za kimya ni ndefu, anajijibu mwenyewe. Hizo sekunde tano ndizo mwanafunzi anazozitumia kufikiri.

MZEE: Baba yangu angenyamaza hata saa nzima.

KIJANA: La mwisho, tukaliane viti vya nyuma. Wewe uje Kakuma unione, nami nije huku. Kuna tabia moja ya mguu wangu nisingeijua bila mwenzangu: nilikuwa nagusa breki yangu kabla mwanafunzi hajapata nafasi ya kugusa ya kwake. Nilidhani nawalinda, kumbe niliwanyima hofu ndogo inayofundisha.

MZEE: Ukija, nitakuonyesha mchanga. Kwenye mchanga mzito unapunguza upepo wa matairi, unaingia na gia ya pili, unashika mwendo mmoja, husimami katikati, na gurudumu likianza kujichimbia unaacha mafuta mara moja. Lakini mimi siyasemi hayo mwanzo. Nikifika laga kavu namwambia mwanafunzi, "Shuka. Vua viatu. Vuka kwa miguu, kisha rudi uniambie gari lipite wapi." Mguu ukizama anajua. Akirudi ananionyesha njia mwenyewe, nami namwachia aipite hiyo hiyo.

KIJANA: Mzee, na unasema wewe ni mtu wa amri?

MZEE: Hilo sikulijua kuwa ni mtindo. Mchanga nauheshimu, basi.

MAMA: Sasa mnijibu mimi. Mnajua ninakokwenda. Natoka Kalokol na samaki wabichi, jua linawaka. Nafika laga, imejaa. Nikingoja, samaki wanaoza, na mtaji ule si wangu peke yangu, ni wa kikundi chetu. Nivuke?

MZEE: Siku moja nikiwa taniboi tulikuta laga imejaa. Dereva wangu alizima injini, akatandika mkeka, akalala. Usiku mzima na nusu ya siku. Wenye mzigo walimtukana, mimi moyoni nilimwita mwoga. Hakunieleza. Msimu uliofuata niliona lori la watu wengine likisukumwa na maji kama debe tupu. Ndipo nikaelewa alichokuwa akikifanya juu ya ule mkeka. Mimi nilipata miaka ya kukaa na swali hilo. Wewe mama una wiki chache tu. (anamgeukia) Nikuulize basi. Hao samaki wakioza wote, kikundi kitasimama tena baada ya muda gani?

MAMA: Miezi miwili. Mitatu, hali ikiwa ngumu.

MZEE: Na wewe usiporudi?

MAMA: (kimya kirefu, wanaume hawasemi) Basi nisingoje kuamua pale ukingoni, na simu inalia. Msimu wa mvua nitapunguza wabichi, nichukue zaidi wa kukausha. Na wanunuzi nitawaambia mapema: laga ikijaa, nimechelewa, wasinipigie. Kikundi nitakiambia leo jioni.

MZEE: Hiyo sikukuambia mimi.

Mwandishi amebaki na msimamo wake, na atausema. Mzee ana haki juu ya neno "simama". Mwalimu atakayeliacha kwa kuogopa kuonekana mkali hafai kukaa kiti kile. Ana haki pia juu ya kipimo: mwanafunzi ambaye hajawa tayari asipelekwe kwa mtahini, hata akiwa mteja mzuri kiasi gani. Lakini katika saa zote nyingine za somo niko na Kijana. Mwalimu wa udereva anafundisha kwa ajili ya siku ambayo hayumo garini, na siku hiyo dereva atategemea maamuzi aliyozoezwa kuyafanya mwenyewe. Shule za udereva za Lodwar na Kakuma, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) inayowapa walimu leseni, ziufanye ujuzi huu wa kuuliza, kusikiliza na kukabidhi kuwa sehemu ya kumpima mwalimu, kama vile gari la mafunzo linavyopimwa breki.

Jua lilikuwa limeinama juu ya Turkwel. Uamuzi wa kutovuka ulikuwa umeshafanywa pale chini ya mkoma, gari likiwa limezimwa, miezi kabla ya mvua, na aliyeufanya ni mwanafunzi.